Mlango wa Chuma wa Kanduyi

Muhula ule nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu, hapa Kitale, riwaya kongwe ya mtu aliyetoka kwenye ufukara akatajirika, kisha akamjengea mkewe jumba lenye mlango wa chuma. Nilikuwa nimewaandikia wanafunzi ubaoni: mlango ni ishara ya mali, mke aliye ndani ni ishara ya furaha inayofungiwa ili isitoroke. Wakanakili, nami nikafuta ubao.

Jumamosi nikaenda Bungoma kumtembelea dada yangu mkubwa. Mumewe huuza vitunguu na viazi kwa jumla, na alikuwa amemjengea nyumba nzuri sana Kanduyi: ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, vyuma kila dirisha, na mlango wa nondo kabla ya ule wa mbao. Asubuhi hiyo shemeji alipanda mlimani, Kapsokwony, kununua viazi. Alitufungia kwa nje na kuondoka na ufunguo.

"Huwa anakufungia hivi?" nilimuuliza dada.

"Si ni kwa usalama," akajibu, akacheka kidogo.

Mchana alienda jikoni kubadilisha mtungi wa gesi. Nilisikia mlio kama wa nyoka, kisha sauti yake: "Inavuja! Haifungiki!" Nilikimbia. Kifaa cha juu ya mtungi kilikuwa kimevunjika mkononi mwake na harufu ilikuwa imejaa hadi sebuleni. Nikanyoosha mkono kuwasha feni, na dada akanipiga kofi mkononi.

"Usiguse swichi! Usiguse kitu!"

Tulifungua madirisha yote. Tukasukuma mtungi hadi mlangoni, lakini nondo zilikuwa karibu karibu, haukupita. Shemeji hakuwa akipatikana kwa simu. Nilishika vyuma kwa mikono miwili nikapiga mayowe, na katikati ya mayowe hayo nikaona akilini mwandiko wangu wa ubaoni kuhusu mlango, safi, umenyooka. Nikaona haya, na woga ukanizidi.

Fundi wa kuchomelea aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara alisikia. Alitupa magunia juu ya ukuta, akaruka akiwa na mashine yake ya kukatia chuma. Aliponusa hewa, akaiweka chini polepole.

"Hii itatoa cheche, mama. Tutalipuka sote." Akarudi ukutani, akaitisha msumeno wa mkono.

Akakata nondo kwa mkono. Sijawahi kusikia kitu kinachoenda polepole namna ile. Dada alikuwa amelala kifudifudi, pua kwenye nafasi ya chini ya mlango, nami nikimmwagia fundi maji pale alipokuwa akikata, maana aliogopa chuma kisije kikapata joto. Kichwa kiliniuma. Nondo ya kwanza ilipokatika, fundi aliipinda kwa mguu, akaanza ya pili. Kisha akatuvuta nje mmoja mmoja, akaingia na kuutoa mtungi uani.

Shemeji alifika jioni. Alitazama zile nondo, akakaa chini kwenye ngazi na nguo zake za safari.

"Nilizaliwa Kipsongo, kwenye mabanda," aliniambia mimi, si dada. "Mlango wetu ulikuwa gunia. Wezi waliwahi kuingia wakabeba hata sufuria ya maharagwe motoni, mama yangu akitazama. Nilisema mke wangu hatawahi kuogopa hivyo."

"Leo nimeogopa kumshinda mama yako," dada akamjibu.

Alilia, yule mwanamume. Siku ya pili alimwita fundi yuleyule aunganishe nondo, na akachongesha ufunguo wa pili. Dada anaufunga kwenye kanga, hata akilala. Alikataa kuja kukaa nami. Anasema anampenda mumewe, na namwamini. Lakini akinipigia simu mchana, kabla ya salamu huwa namuuliza kama ufunguo uko kwenye kanga.