Inchi Kumi na Tano za Bwana Kipruto

Msimu ule wa mvua ndefu, shule ya misheni karibu na Kedowa ilipokea habari kwamba inchi zinaondoka nchini na sentimita zinaingia. Robert Kipruto, mwanafunzi wa darasa la saba, alikariri "inchi moja ni sentimita mbili nukta tano nne" kabla ya wenzake wote, akatuzwa rula ya mbao. Zawadi ilikuwa ndogo, lakini yeye aliipokea kama mtu aliyewekewa mikono. Tangu siku hiyo hakuna aliyepima kitu mbele yake asisahihishwe.

Mwaka 1994 alikuwa msimamizi wa zizi la maziwa la Mama Sally, huko Mogogosiek. Mashine ya kukamulia ilifyonza hewa kwenye mipira ili vikombe vishike chuchu za ng'ombe, na geji yake kuukuu ilipima mfyonzo huo kwa inchi za zebaki: kumi na tano, asubuhi na jioni. Kioo cha geji kilipopasuka, Kipruto aliona aibu mbele ya wageni, akafunga mpya. Hiyo ilisoma kilopaskali, kipimo kingine cha mfyonzo.

"Hayo ni majina tu," alisema, akichomoa rula mfukoni. "Kumi na tano mara mbili nukta tano nne. Thelathini na nane!" Akarekebisha valvu mpaka sindano ikasimama hapo.

Vikombe vikaanza kudondoka kama plamu zilizoiva, na maziwa yakapungua wiki nzima. Kwa kuwa Kipruto hakuweza kuishuku rula, ilimbidi amshuku mtu. Akamweleza Mama Sally kwamba mkamuaji, Wilkista Ayoo, aliyetoka upande wa ziwani, ana mikono mizito. Ijumaa aache kazi, arudishe ufunguo wa nyumba ya shamba. Ndani ya nyumba hiyo Wilkista alilea watoto wanne.

Ijumaa wote watatu walisimama zizini.

"Bwana Kipruto," Wilkista aliuliza, "hiyo rula inapima zebaki, ama inapima kitambaa cha sare?"

"Wewe mama, hesabu ya misheni haikosei."

"Basi funga geji ya zamani kando ya hii, kwenye bomba moja. Zisome pamoja, halafu mimi nitoke."

"Funga," Mama Sally akasema.

Kipruto alifunga kwa mkono wake mwenyewe, moyo wake umetulia, huku akitunga maneno ya msamaha ambayo angemhurumia nayo Wilkista. Wilkista akazungusha valvu polepole. Geji kuukuu ilipofika kumi na tano, mpya ilionyesha hamsini na unywele zaidi. Vikombe vikashika. Ng'ombe akaendelea kucheua.

"Kila inchi ya zebaki ni kilopaskali tatu na kitu," alisema Mama Sally, akigawanya kwa kidole hewani. "Wilkista, kaa na ufunguo wako."

"Nilikuwa nakaribia hapo," akasema Kipruto.

"Ulikuwa umebakisha kumi na mbili tu, mzee," Wilkista akamjibu.

Jumatatu ukuta wa zizi ulikuwa na maandishi mekundu: INCHI 15 NI KILOPASKALI 50. R. KIPRUTO. Kwa miaka mitatu aliwaonyesha wageni ugunduzi huo, na Wilkista alikamua chini ya maandishi hayo.

Mwishoni mwa 1997 Kipruto alihamia Boito. Januari iliyofuata alirudi Mogogosiek na mkebe wa rangi, akaandika chini ya jina lake, kwa herufi ndogo: "na W. Ayoo." Aliosha brashi, akaenda zake.