Masikio ya Fundi Taa yameketi dirishani

Saa nne asubuhi, Fundi Taa anawasha amplifaya ambayo bado haijafungwa kifuniko. Taa zake za kioo, zile za redio za zamani zilizompa fundi huyu jina lake la utani, zinawaka taratibu hadi rangi ya kaa la moto. Hajaweka santuri. Anazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, kisha anatazama mkono wa mkewe.

Mkewe ameketi dirishani, amempa mgongo, anashona pindo la shuka. Sindano inakwenda, inarudi, halafu inasimama.

"Yupo," anasema.

"Spika ipi?"

"Ya kulia. Mbu wako amerudi."

Fundi anazima, anasubiri, anausogeza waya mmoja mbali na mwenzake kwa upana wa punje ya mchele. Anawasha tena. Safari hii sindano haisimami.

Amplifaya nzuri, anasema, hupimwa kwa kimya kabla ya muziki. Kimya hicho yeye hawezi kukipima tena, kwani uzee umemnyang'anya milio yote myembamba.

Aligundua miaka miwili iliyopita, mteja aliporudisha kazi akilalamika kuwa inalia kama ina mbu ndani. Fundi alibandika sikio kwenye spika, asisikie kitu. Akaamini mteja anatafuta kupunguziwa bei, na maneno yakaanza kuwa makali.

"Nikasema kutoka mlangoni, hata mimi namsikia, tena tangu wiki iliyopita," anakumbuka mkewe. "Akaniuliza mbona sikumwambia. Nilidhani ndivyo zinavyolia."

Leo wanacheka. Siku ile fundi alifunga vifaa vyake sandukuni, akiamini kazi aliyorithishwa na mjomba wake imekwisha. Kesho yake alikuta mkewe amerudisha chuma cha kulehemu mezani.

"Aliniuliza, mikono yako inauma? Nikamwambia hapana, ni masikio. Akasema, basi ya kwangu yapo."

Tangu hapo hutengeneza amplifaya nne kwa mwaka, kuanzia mchoro hadi sanduku la mbao, na hakuna hata moja iliyorudi. Mkewe humpa mgongo kwa makusudi. "Nikimtazama usoni nitamhurumia, niseme ni nzima," anaeleza.

Fundi hafichi shukrani zake. "Watu wananisifu mimi. Bila huyu mama ningekuwa nimeuza sanduku langu la vifaa."

Lakini kinyozi hajinyoi. Nyumba hii haijawahi kubaki na amplifaya hata moja. Zikishapita mtihani wa kimya huchukuliwa, na muziki huenda kupigwa kwa watu.

"Hii ikitoka, inayofuata haina mteja," anasema fundi. "Miaka miwili nimemkalisha asikilize kimya. Sasa asikilize muziki."

Sindano inasimama. Fundi anainama haraka kuitazama spika ya kulia.

"Hakuna mbu," anasema mkewe, bado amempa mgongo. "Endelea na kazi. Ila hiyo yangu ikiwa tayari, kiti hiki utakigeuza."