Funda Nililolimeza Mbele ya Nyanya

Usiku ule nililala bila kula, na si kwamba chakula kilikosekana. Wifi yangu Wakesho aliponda kimanga cha muhogo na maharagwe, akakileta mpaka kitandani, nami nikageuka nikautazama ukuta. Kisirani tu. Mimi nikikasirika sipigi kelele, nanuna, na nyumba nzima inajikunyata mpaka niamue yamekwisha. Wanaonijua wananijua hivyo.

Nilikuwa nimepanda vilima vya Taita mchana wake, nikitoka Mombasa ninakouza vikapu vya mkonge vinavyosukwa na wanawake wa kwetu. Nilikuja kutembea tu. Mtu wa kwetu akifika huwasalimu walio hai, kisha huenda pangoni kuwasalimu wazee. Enzi za mababu mtu alizikwa, na baadaye fuvu lake likafukuliwa, likapangwa na wenzake kwenye pango la ukoo chini ya jiwe kubwa. Siku hizi tunazikwa na kasisi, lakini wale wa zamani walibaki palepale, nasi hatukuacha kwenda kuwajulia hali. Siku hiyo nilikuta jiwe limepata ufa. Chini yake limechimbwa shimo linaloingia ndani ya kilima, na udongo mbichi umemwagwa mpaka kijitoni. Wazee hawapo.

Aliyefanya hayo ni Mwangeka, ndugu yangu kitinda mimba, mume wa huyo Wakesho. Nilimlea mimi, mgongoni, mama yetu alipofariki.

"Wako salama, dada," aliniambia. "Nimewatia kwenye gunia, nimewatundika ghalani. Chini ya lile jiwe pana mshipa wa mawe ya kijani. Vilima hivi vimejaa mali, kila ukoo unachimba, sisi tukae tunalinda mifupa?"

Gunia! Tena la mbolea! Mkono uliniwasha, nikauzuia. Sikumtukana wala sikumlaani. Nilinyamaza, nikaingia ndani.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa maana kwetu kunyamaza ni kubaya kuliko kutukana. Hasira ya mkubwa wako ikikaa moyoni mwake inakufuata, hata kama yeye mwenyewe hataki ikufuate. Ndiyo maana tuna kutasa. Unapiga funda la pombe ya miwa, au la maji ukikosa, unalitema nje, unataja kinachokuuma, unasema kimetoka. Mtu akienda safari au kazi ya hatari, mkubwa wake humtasia kwanza. Baba yetu alishatangulia, nyanya yetu aliyetulea pia, kwa hiyo mkubwa wa Mwangeka ni mimi.

Jioni alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Dada, kukipambazuka tunaingia. Hunitasii?"

Niligeuka nikautazama ukuta. Alisubiri, akaondoka. Nikasema moyoni, na aende, aone. Nikalala na njaa yangu.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Najua niliona mwanga, mwanga wa mchana, na pembeni mwa kitanda ameketi Nyanya Mkamburi, anasokota mkonge pajani. Kiganja kinapanda, kiganja kinashuka, na ile sauti yake ya kukwaruza niliyoilalia utoto wangu wote. Amekuwa mdogo, miguu haifiki chini. Nilijua amekufa. Nilikumbuka hata saruji ya kaburi lake nyuma ya nyumba. Lakini sikuogopa, nilifurahi. Nyanya yangu! Nilitaka kumkumbatia, akanizuia kwa kiwiko kama mtu asiyetaka uzi wake ukatike.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "umewaadhibu kwa njaa yako mwenyewe?"

Akanipa kata. Ndani mna pombe ya miwa, ina povu, inanukia kama siku ya harusi.

"Piga funda. Usimeze."

Nikapiga funda, mashavu yakajaa. Nikataka kumuuliza tunatasia nini, lakini mdomo umejaa utaongeaje? Akaniteremsha kitandani kama mtoto. Tukatoka, na mlango wa nyumba haukutokea uani. Ulitokea sokoni.

Wanawake wameketi chini, safu kwa safu, wanasuka. Nawatambua. Huyu alikuwa akitufundisha nyimbo za kanisani. Yule ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuanza kitako cha kikapu, akinipiga vidole nikikosea. Wote tumewazika. Hakuna anayeinua kichwa. Vidole vinakwenda mbio, na wanasuka ovyo, wao waliokuwa wakifumua kazi ya siku nzima kwa kosa la uzi mmoja! Hawajatia rangi, hawajatia urembo. Vikapu vipana, vizito, vya mpini mfupi. Mimi naishi kwa vikapu, navijua. Hivi si vya kwenda sokoni, ni vya kubebea udongo.

Nikamvuta Nyanya shuka. Akaelewa nataka kuuliza nini.

"Udongo utakuwa mwingi," akasema.

Nikatazama huku na huku nimwone Mwangeka, lakini soko limekwisha, tunapanda. Kilima kimepasuliwa kila upande, kimeachama, na ndani ya nyufa mawe yanang'aa kijani, yanatazama. Hewa ina vumbi la baruti. Nyanya anapanda mbele yangu, hahemi, visigino vyake vyeupe kwa mavumbi. Mate yanaanza kuchanganyika na pombe, mashavu yananiuma.

Tukafika pangoni. Jiwe ni zima, halina ufa, na wazee wamerudi mahali pao, wamepangwa kama walivyokuwa nilipoletwa mara ya kwanza nikiwa nimeshika kidole cha baba. Machozi yakanitoka. Nikajua wataanza kulalamika sasa, nami nitakuwa shahidi wao. Nilisubiri kwa hamu, sitaficha. Nilitaka nisikie Mwangeka akisemwa.

Hakuna aliyelalamika. Ndege mmoja anadonoa kitu juu ya jiwe. Mwisho wa safu pana nafasi iliyofagiwa, alama za ufagio bado ziko. Nyanya anainama, anaokota jani lililoangukia pale, analitupa. Anapapangusa kwa kiganja, taratibu, jinsi unavyotandika kitanda cha mgeni.

Nikatikisa kichwa. Nikatikisa tena. Hapana. Hapana, Nyanya.

"Gunia si kitu," akasema, bado ameinama. "Tumelalia mabaya kuliko gunia." Kisha akanigeukia, na macho yake hayakuwa na utani. "Nani amekutuma ukasirike kwa niaba yetu?"

Loo! Nikaona kama nimezabwa kofi. Mimi nimewapigania! Mimi nimelala na njaa kwa ajili yao! Na shukrani ndiyo hii? Nikataka kumjibu, na wallahi ningemjibu vibaya, marehemu au si marehemu, ila nilikuwa na lile funda mdomoni. Nikamkodolea macho tu, pua zinafutuka.

Nilipopepesa macho, tumeshasimama kwenye mdomo wa shimo. Shimo la Mwangeka, lilelile, na jiwe limepata ufa tena juu yake. Naye yumo ndani, si mbali, namwona. Ana umri wa kubebwa. Amevaa ile fulana iliyotoboka begani, amekaa uchi wa chini, tochi kubwa ya wachimbaji imefungwa kwenye kichwa chake kidogo. Anachokora udongo kwa kijiko. Anaimba peke yake. Kila akichokora, changarawe inadondoka kutoka juu, inamgonga begani, anaipangusa, anaendelea.

"Tema," akasema Nyanya.

Nilitaka. Mungu anaona, nilitaka. Nikasogea, nikainama. Ndipo mtoto akageuka akanitazama, na uso haukuwa wa mtoto tena. Ni Mwangeka wa jana, na ndevu zake, ananiambia kwa ile sauti yake ya kujua mambo: sisi tukae tunalinda mifupa? Nikaliona gunia limening'inia pale ghalani, linazunguka polepole. Koo likafunga, likafunguka.

Nikameza.

Nililisikia funda likishuka lote, chungu, la moto, mpaka tumboni, likatulia. Juu yetu jiwe likatoa sauti, sauti ndogo ya mkate mkavu ukivunjwa. Nyuma yangu wale wanawake wameinuka wote kwa pamoja, wanapita mbio na vikapu vyao, wananipiga kikumbo, hakuna anayenitazama. Nikapiga yowe kwa mdomo mtupu. Hakuna sauti iliyotoka.

Nyanya akanishika kidevu. Akanifuta midomo kwa ncha ya shuka lake, kama alivyonifuta uji enzi hizo. Nikaona anavyofungua mdomo wake kwa taabu, na ndani yake hamna ulimi, mna udongo, mwekundu, umejaa mpaka menoni. Hata hivyo nilimsikia.

"Mimi siwezi kumtemea tena, mwanangu. Wewe bado una mate."

Nikaamka.

Nimekaa kitandani, shuka limelowa jasho, taya zinaniuma kana kwamba nilizifunga usiku kucha. Dirishani kumepambazuka. Kitu cha kwanza nilichofikiria si ndoto. Nilifikiria gunia, na hasira ikawa palepale, mbichi, haijapungua hata chembe. Nikajichukia kwa hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kisha nikasikia buti zikigongwa ukutani kutoa matope. Nikatoka mbio bila kanga ya juu.

Mwangeka alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, buti moja imevaliwa, nyingine mkononi. Wakesho amesimama nyuma yake na chupa ya chai. Nikachota maji mtungini, nikajaza mashavu. Wote wawili wakanitazama, wakajua. Wakesho aliiweka chupa chini.

Nikasimama mbele ya ndugu yangu. Maji yalikuwa ya baridi, meno yakafa ganzi. Nikatazama ndevu zake, mikono yake iliyochanika, na koo likaanza tena ule mchezo wake. Nikainama, nikatema kwa nguvu zote, maji yakamrukia magotini.

"Nina hasira nawe," nikasema. "Nina hasira nawe sana, Mwangeka. Uliwatia wazee wetu kwenye gunia la mbolea. Hilo ndilo linaloniuma, na hilo nimelitema. Likirudi nitalitema tena. Sitaki likufuate."

Akasema polepole, "Basi, dada. Asante."

"Bado. Nyanya amekuja." Sauti ikanikatika, nikaanza tena. "Amenipeleka pale kwenye shimo lako. Amesema udongo utakuwa mwingi."

Nilitegemea acheke. Ni mtu wa kucheka mambo hayo. Hakucheka. Aliitazama buti aliyoishika kama hajui ni ya nani, na Wakesho akaja akamshika bega.

"Ule ufa unapanuka," akasema. "Juzi kidole kilikuwa hakiingii. Jana kimeingia. Wenzangu sijawaambia, maana mimi ndiye niliyewaleta, nitawaambia nini? Usiku sijalala, dada. Jana nilikuja mlangoni kwako nikasema huyu hanyamazi huyu, atanigombeza, atasema hakuna kuingia, basi niwe nimekatazwa na mkubwa wangu, yaishe. Wewe ukageuka ukutani."

Mimi nilidhani namnyima baraka. Kumbe yeye alikuja kuomba akatazwe, na kimya changu ndicho kilichokuwa kikimsukuma shimoni. Nikaketi pale chini, kwenye maji yangu niliyotema, nikaegemeza kichwa kwenye goti lake. Alikuwa akinuka jasho la kutolala.

Kutoka bondeni mbinja ikapigwa. Wenzake wamefika, wanamwita. Ikapigwa ya pili, ndefu zaidi. Mwangeka akaniangalia mimi, hakuangalia bonde.

Nikainuka, nikaenda mpaka ukingoni mwa uwanja. Niliwaona kule chini, wameshafika kwenye jiwe, mmoja ameanza kujifunga tochi kichwani. Nikaweka mikono mdomoni, nikapaza sauti mpaka ng'ambo ya kilima wakaisikia:

"Tokeni hapo! Leo haingii mtu!"