Namuli Alipompigia Baba Magoti

Ipo siku moja ya masika ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila nikiona kijana analeta mchumba kutoka mbali naikumbuka upya. Ni siku kaka yangu Ambokile aliporudi nyumbani kwetu, huku milimani Tukuyu, kutoka vita vya Uganda. Tulikuwa tunamngoja mtu mmoja. Wakashuka wawili kwenye basi, yeye na mwanamke mwembamba mwenye sanduku la bati, na Ambokile akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, "Huyu ni mke wangu. Anaitwa Namuli."

Mimi nilikuwa msichana wa shule, na nilimpenda papo hapo. Labda kwa sababu alinishika mkono njia nzima kana kwamba tulizaliwa pamoja, ingawa hatukuwa na lugha ya kuongea. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha kusikia kwa askari wa kwao waliowatesa raia, na kila akikisema alionekana anaogopa.

Sasa sikiliza. Kwetu Wanyakyusa, zamani ile, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Akimwona njiani anapinda, anajifunika kanga, anajibanza kwenye migomba mpaka mzee apite. Hiyo ndiyo heshima, na waliishika hata wazee waliokuwa kanisani kila Jumapili, baba yangu akiwemo. Kwao Namuli, kule Masaka, heshima ni kumpigia mkwe magoti na kumsalimia kwa maneno marefu. Tulipoingia uani, baba akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani. Sote tukaganda. Namuli akauliza kwa macho kama huyu ndiye baba, Ambokile akaitikia kwa kichwa, mjinga yule, na binti wa watu akaenda mbele ya mzee, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kusalimia.

Baba akageuka, akaingia migombani karibu mbio. Mzee mzima anamkimbia binti. Leo nacheka, lakini siku ile hakucheka mtu. Shangazi Tusajigwe, dada yake baba, ambaye neno lake lilikuwa zito pale nyumbani, akasema mbele ya wote, "Huyu hana adabu. Kesho apande basi arudi alikotoka."

Namuli hakuelewa yote, lakini maneno "basi" na "kesho" aliyaelewa. Akakaa juu ya sanduku lake. Baadaye sana ndipo aliponieleza kwamba hakuwa na pa kurudi. Siku alipoondoka na askari mgeni, baba yake alimwambia asikanyage tena mlango wake.

Baba akasema kutoka huko huko migombani, bila kujitokeza. "Ambokile. Umesafiri naye kutoka Uganda, mkalala Iringa, mkalala Mbeya. Hukumwambia mambo ya kwetu?"

"Nilisahau, tata."

"Na huko kwao, anayepigiwa magoti ni nani?"

"Ni mtu unayemheshimu kabisa."

Baba akasema, "Basi yeye amenisalimia, wewe hujanisalimia mpaka sasa. Tusajigwe, huyo mtoto haendi popote. Mfundisheni. Mkimfukuza kabla hamjamfundisha, wasio na adabu ni nyie."

Shangazi alinuna siku kadhaa, halafu akaanza kumfundisha kwa bidii, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Namuli akajua kujibanza migombani kuliko sisi wenyewe. Chakula cha baba alipika yeye, tukapeleka sisi watoto. Ndizi alizivukisha ndani ya majani ya mgomba mpaka zikalainika, akaziponda, na baba, ambaye chakula kigeni alikuwa hakigusi, akarudisha sahani tupu na ujumbe, "Mwambieni ndaga." Ndiyo asante ya kwetu. Miaka yote waliyoishi pamoja hawakuongea uso kwa uso, na sijaona mtu na mkwe wake waliopendana kama wale.

Akazaa, akapata wajukuu, akawa bibi wa kijiji kizima. Kiswahili kile cha kuogopa akakifanya cha kubembelezea watoto, na Kinyakyusa akakimudu kuliko mimi niliyehamia Mbeya mjini. Usidhani nakusifia malaika. Alikuwa mkaidi, na chai iliyopikwa na mtu mwingine hakuisifia hata siku moja. Lakini ukimpelekea huzuni yako, uliondoka kwake umeshiba na unacheka. Nilimpenda sana wifi yangu yule.

Mwaka jana akafariki. Msibani watu walikaa pande mbili, wenye nyumba huku, ndugu wa marehemu kule. Ndugu zake wa Masaka hawakuwahi kufika, na viti vyao vilikuwa vitupu. Mchungaji akauliza nani atasema kwa niaba yao, watu wakainamisha macho. Niliona uchungu ambao siwezi kukueleza. Nikanyanyuka kwenye upande wetu, nikavuka ua polepole na fimbo yangu, nikakaa kwenye kiti cha ndugu zake. "Mimi ni dada yake," nikasema. Nilipogeuka niliona mabinti wa Shangazi Tusajigwe nao wanavuka, na wake wa wajukuu nyuma yao. Viti havikutosha.

Basi mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Mtu anayekuja kwenu kutoka mbali anakuja na adabu yake, hata kama haifanani na yenu. Ukiona amekosea, uliza kwanza kwao jambo hilo lina maana gani, ndipo umfundishe la kwenu, taratibu, bila kumwaibisha. Na kama wewe ndiye unayemleta, mwambie mapema yanayomngoja, usimwache aumbuke mbele ya watu nawe umesimama pembeni. Ukishampokea, mpokee moja kwa moja, asiishi kwenu kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Mungu akupe ndugu hata mahali ambapo hukuzaliwa, na siku yako ikifika, asikosekane wa kusimama upande wako.