Gome la Mti wa Kwinini

Nyuma ya nyumba yetu umesimama mti wa kwinini alioupanda marehemu baba. Mwaka huu, nilipokuwa nikipona malaria, mtu alikuwa akiuchuna gome. Kila asubuhi nilikunywa dawa chungu aliyonipikia mama, kisha nikaenda kufunika majeraha ya mti kwa udongo na mavi ya ng’ombe, ambayo jirani yetu, Maman Furaha, aliniletea mwenyewe. Kila baada ya siku chache nilikuta jeraha jipya. Kwa mantiki ninayoifundisha chuoni, nilihitimisha kwamba mwizi ni yeye, kwa kuwa hakuna mgeni mwingine aliyeingia uani.

Jumapili, katika sala ya shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya mtaa, nilisimama mbele ya majirani wote nikamtaja.

“Mimi, papa profesere? Mimi mwizi?”

Mama aliinuka polepole. “Mwanangu, acha mama wa watu. Ni mimi. Ile dawa unakunywaka kila asubui, unazani inatokaka wapi?”

Watu walicheka sana. Maman Furaha hakucheka.

Mti umeanza kuota gome jipya. Yeye sasa husali katika shirika la mtaa wa pili, na hajanisalimu tena.