Sikio la Kushoto la Shemeji

Fundi Tezo, mwana wa Fundi Milango aliyechonga milango ya mahakama, mjukuu wa mzee ambaye hakuna jembe mtaani lililokosa mpini wake, ndiye wa kwanza katika ukoo huo kuchonga kwa kompyuta. Watu walisema amepotoka. Yeye alisema mkono wa kulia unamtetemeka, sasa walitaka achonge kwa meno?

Binti yake alipanga picha kwenye kompyuta, mashine ikakata. Sharti lilikuwa moja, la tangu kwa babu: kazi isimalizwe kabla aliyeiagiza hajaiona. Mashine ibakishe mti wa unene wa kidole kila upande.

"Baba, hii inaweza kumaliza mpaka kope!"

"Najua. Ndiyo maana naikataza."

Dada yake Fundi akafiwa na mumewe, na macho yake nayo yalikuwa yanazimika. Akaomba kichwa cha mumewe cha mti, awe anakishika. Siku ya kukichonga, Fundi mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Kwenye picha ya marehemu, aliyopigwa bila kofia, akaona sikio la kushoto limekaa chini kuliko la kulia. Shemeji alivaa kofia maisha yake yote, iliyomfunika masikio hadi shingoni, kwa hiyo Fundi akadhani kamera ndiyo iliyopinda. Akalipandisha sikio, likalingana na mwenzake.

Dada akaja, akaketi kwenye kigoda katikati ya vumbi la mbao, akapapasa kile kichwa kuanzia kidevuni.

"Kijana mzuri huyu. Ni nani?"

"Dada! Si mumeo?"

"Mume wangu sikio lake lilikuwa huku chini, mdogo wangu. Akivua kofia namcheka, namwambia hili alilitundika nani?"

Binti akainama asionekane akicheka. Fundi hakucheka. Alipima kwa kidole chini ya sikio. Mti ulikuwepo, ungetosha kulishusha. Akashika patasi. Ncha ikadonoadonoa mti kama kuku, akaiondoa haraka.

"Tukirudishe kwenye mashine," binti akasema.

"Kimeshafunguliwa kwenye vibano vya mashine. Hakitakaa tena palepale."

Dada alikuwa bado ameweka kidole pale chini sikio lilipostahili kuwa, kama anayeogopa kupasahau.

Fundi akageuza patasi, akamwelekezea binti yake mpini. Binti alikuwa hajawahi kugonga mti hata siku moja.

"Sogea kwa shangazi yako. Kidole chake kilipo, ndipo sikio linapoanzia. Fuata nyuzi za mti, usilazimishe. Na usiondoke mpaka aseme ni yeye."