Mavi ya Sungura wa Mdogo Wangu

Nilirudi kwetu Nyakabanda Julai ya mwaka wa tisini na nne, mauaji yalipokwisha, nikiwa na jambo moja tu la kujiliwaza: kwamba mdogo wangu hakuningoja. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo niliyekutana naye katika kambi ya wakimbizi Burundi, aliniambia bila kunitazama usoni. "Kwenu walimaliza siku ya kwanza. Usirudi kumutafuta."

Nami sikurudi mpaka Julai hiyo. Wiki ya Pasaka nilikuwa nimemwacha peke yake, msichana wa miaka kumi na minne, nikaenda kusini kuwatengenezea watu milango. Nilimwambia nitamfuata Jumapili. Mauaji yakaanza Alhamisi, nami nikakimbilia Burundi. Kama alikufa siku ya kwanza, basi Jumapili yangu haikumdhuru. Nilihitaji sana iwe hivyo.

Nyumba haikuwa na mlango, na mabati ya mbele yalikuwa yameng'olewa. Katika chumba cha nyuma nilikuta kibanda cha sungura wake, kiko wazi, kitupu, na chini ya wavu rundo la mavi.

Niseme ukweli, mimi na yule sungura hatukupatana. Mimi ni mtu wa kinyaa. Kila alfajiri nilimwona akiinamia makalio yake na kula mavi laini, yaliyoshikana kishada. Nikadhani anahara, tena hana adabu, nikamvisha kola ya katoni shingoni asiyafikie. Siku chache tu akakonda, uti wa mgongo ukamtoka kama msumeno. Mdogo wangu akaikata ile kola mbele yangu.

"Kaka, wacha. Hii si kuhara. Tumbo yake iko inapika mara mbili. Ukimunyima, anakufa."

Hakuna aliyemfundisha, alikuwa amekaa akatazama. Yaliyobaki alinifundisha yeye. Mavi makubwa, makavu, ya mviringo: mnyama mzima. Madogo, machache, yaliyoungana kwa manyoya: tumbo linasimama, mpe nyasi haraka. Akila majani ya viazi hutoa meusi. Akila nyasi kavu hutoa ya rangi ya unga wa mbao. Nilimcheka, lakini nilishika kila neno.

Asubuhi niliyoondoka nilifagia mpaka saruji ikaonekana. Kwa hiyo kila punje pale ilidondoka nyuma yangu. Nikachuchumaa, nikachimbua kwa kijiti. Chini kabisa yalikuwa meusi. Juu yake madogo, magumu, yameungana kwa manyoya: siku ambazo hakuna aliyetoka kukata majani. Hapo ningeinuka nikaenda zangu. Lakini juu ya hayo yalikuwapo tena makubwa, ya mviringo, ya rangi ya unga wa mbao, rundo ambalo zamani lilichukua wiki mbili kujaa. Wezi hawalishi sungura. Humla.

Nikaingia chumbani kwangu. Walikuwa wamebeba kila kitu isipokuwa godoro langu la nyasi, ambalo hakuna aliyelitaka. Lilikuwa limechanwa ubavuni, na zaidi ya nusu ya nyasi zake kavu zimetolewa.

Hadi leo sijui alikofia, wala nani alimtoa humo. Ninachojua nilikisoma kwenye mavi. Alikuwa hai Jumapili ile. Alikuwa hai na Jumapili iliyofuata.